Mfupa Uliopinda Ulipewa Utepe, Usioonekana Ukapewa Plasta

Daktari aliinua picha ya eksirei kuelekea dirishani, akaitazama kwa muda mfupi kuliko nilivyotarajia, kisha akamwambia mpwa wangu akunje ngumi polepole. Mpwa wangu alikuwa amevunja mfupa wa kiganja unaobeba kidole cha mwisho cha mkono wa kulia, na hata mimi, nisiye na elimu ya utabibu, niliuona: shingo ya mfupa imekatika na kichwa chake kimeinamia upande wa kiganja. Daktari alizitazama kucha, akamwambia afungue vidole, akunje tena, afungue tena. Kisha akakifunga kidole cha mwisho pamoja na kidole cha pete kwa utepe, akaandika dawa ya maumivu na tarehe ya kurudi, akamwita mgonjwa mwingine.

Huyo mwingine, ambaye pazia tu ndilo lililotutenga naye, alikuwa kijana wa mjengo aliyeteleza kutoka kwenye ngazi na kuangukia kiganja. Picha yake ilikuwa safi, na daktari mwenyewe alisema kwamba haoni ufa wowote. Lakini alipobonyeza kishimo kilicho chini ya kidole gumba, tulimsikia kijana akipiga kelele, na muda mfupi baadaye alipita mbele yetu akielekea chumba cha plasta.

Aliyevunjika alitoka na utepe. Asiyeonekana kuvunjika alitoka na plasta.

Dada yangu alipiga simu kabla hatujafika kwenye matatu. “Kaka, mkono umevunjika halafu wamemfunga utepe?” aliuliza, na kabla sijajibu akaongeza, “Kwani umelipa pesa ngapi?”

Swali hilo la pili ndilo lililonikaa kichwani kwa wiki kadhaa. Hapa Kisumu, na nadhani kwingine pia, uzito wa tiba hupimwa kwa macho na kwa risiti. Mtu aliyevishwa plasta hadi karibu na kiwiko hupishwa kiti na watu humpa pole njia nzima. Mwenye utepe hapishwi. Aliyewekewa chuma ndani ya mwili husimuliwa kwa sauti ya chini, kana kwamba chuma ni cheo. Nilianza kuuliza, kwanza kwa rafiki ambaye ni afisa wa kliniki, kisha katika maandiko ya wapasuaji wenyewe, kwa sababu nilitaka kujua kama mpwa wangu alikuwa ametibiwa au alikuwa ameondolewa tu kwenye foleni.

Mfupa wenye ruhusa ya kupinda

Mkono, kuanzia kwenye kifundo hadi ncha za vidole, una mifupa 27: minane midogo ya kifundo, mitano ya kiganja na 14 ya vidole. Mifupa hiyo haidai unyoofu ule ule, na hapo ndipo macho yetu yanapotudanganya tunapotazama picha.

Msomaji anaweza kujaribu jambo hili sasa hivi. Ushike kwa vidole viwili mfupa wa kiganja ulio nyuma ya kidole cha shahada, ujaribu kuutikisa: hautikisiki. Wa kidole cha kati vilevile hautikisiki, kwa kuwa yote miwili imekazwa imara kwenye kifundo. Wa kidole cha pete unacheza kidogo, na wa kidole cha mwisho unacheza zaidi ya yote, ndiyo sababu kiganja huweza kujikunja na kuukumbatia mpini wa jembe. Kwa kuwa kiungo cha chini cha mfupa huo kinaweza kwenda mbele na nyuma, kinaweza pia kufidia mpindo uliobaki pale juu palipovunjika. Wapasuaji wengi hukubali mpindo wa digrii 40 hivi kwenye shingo ya mfupa huo wa tano, na wapo wanaokubali zaidi. Kwa mifupa ya kidole cha shahada na cha kati hawapendi kuvuka digrii 10 hadi 15.

Mfupa wa aina ile ile uliopinda kiasi kile kile, upande mmoja wa kiganja huachwa, upande mwingine hunyooshwa kwa ganzi na pengine kushikwa kwa nyaya.

Nililokuwa nikilitafuta hasa ni ushahidi kwamba utepe unatosha, na upo. Tafiti zilizolinganisha utepe wa kufunga vidole viwili pamoja na plasta, kwa mvunjiko huu wa shingo ya mfupa wa tano, hazikuona kwamba plasta iliwapa wagonjwa mkono bora zaidi baada ya miezi michache, na waliofungwa utepe walikosa kazi kwa siku chache zaidi kuliko wenzao. Kinachopotea ni umbo. Fundo la kidole cha mwisho huzama mtu anapokunja ngumi, na halirudi tena mahali pake. Mgonjwa anapaswa kuambiwa hivyo mapema, kwa sababu asipoambiwa ataamini kwamba aliharibiwa.

Kosa lisiloonekana kwenye picha

Lakini kwa nini daktari alirudia kumwambia akunje ngumi?

Ukikunja vidole vinne kwa pamoja, ncha zake zote huelekea karibu mahali pamoja, kwenye mzizi wa kidole gumba. Mfupa wa kiganja au wa kidole ukivunjika na kipande kimoja kikajizungusha kwenye mhimili wake, kidole hicho hakitafuata njia hiyo. Kitapanda juu ya jirani yake au kitamkimbia. Zungusho la digrii tano tu kwenye mfupa wa kiganja linaweza kuifanya ncha ya kidole ipandie jirani yake kwa kiasi cha sentimita moja na nusu. Kwa mtu anayeshika nyundo, usukani wa pikipiki au kijiko cha kusongea ugali, kidole cha namna hiyo ni adui anayeishi ndani ya kiganja chake mwenyewe, na tofauti na mpindo wa mbele na nyuma, zungusho halina kiungo cha kulifidia.

Picha ya eksirei, ambayo hulaza kila kitu kwenye bapa moja, huweza kulificha zungusho hilo kabisa. Ngumi hailifichi. Mkono uliovimba hukunjwa kwa shida, kwa hiyo daktari huzitazama pia kucha zikiwa zimenyooka, aone kama moja imegeukia kando kuliko kucha ya kidole hicho hicho kwenye mkono mzima.

Hapo ndipo shaka yangu kuhusu utepe ilipogeuka. Nilikuwa nimeuona uchunguzi wote ukifanyika mbele yangu, na kwa kuwa haukutumia mashine yoyote, haukuonekana kama uchunguzi. Kama kidole kingepandia kingine, mazungumzo yangekuwa tofauti kabisa: kunyoosha chini ya ganzi, nyaya zinazopenyezwa kwenye ngozi hadi ndani ya mfupa, au bamba dogo na skrubu.

“Mlango ulikuwa na meno?”

Mpwa wangu alisema kwamba amegonga mlango. Daktari aliuliza, bila kucheka, kama mlango huo ulikuwa na meno, na akauliza tena baadaye kwa maneno mengine. Mwanzoni nilidhani ni mzaha wa mtu aliyechoka.

Mvunjiko huu wa mfupa wa tano kwa kawaida hutokana na ngumi, na madaktari wa kila nchi wamezoea kuambiwa kwamba mgonjwa ameanguka. Kwa mfupa wenyewe, uongo huo hauna madhara makubwa. Madhara yapo kwenye ngozi. Ngumi ikikutana na jino, kidonda kidogo hubaki juu ya fundo la kidole, na kwa kuwa kilipatikana vidole vikiwa vimekunjwa, mkono unapofunguliwa ngozi na kano husogea na kukifunika kile kitobo kilichoingia hadi kwenye kiungo. Vijidudu vya mdomoni hubaki ndani. Kidonda cha namna hiyo hakishonwi siku hiyo. Hufunguliwa na kuoshwa kwa kina, mara nyingi katika chumba cha upasuaji, na mgonjwa hupewa antibiotiki na chanjo ya pepopunda inapohitajika. Anayeficha ukweli kwa aibu huenda nyumbani na dawa ya maumivu, na baada ya siku chache hurudi akiwa na kiungo kilichojaa usaha.

Mlango wa mpwa wangu, kwa bahati, ulikuwa wa mabati kweli.

Kishimo cha chini ya kidole gumba

Yule kijana wa pili alinisumbua zaidi, na nakiri kwamba bado ananisumbua.

Unyooshe kidole gumba juu kwa nguvu, na kwenye mzizi wake, upande wa kifundo, patatokea kishimo kati ya kano mbili. Chini ya kishimo hicho kuna mfupa uitwao skafoidi, ambao ndio huvunjika mara nyingi zaidi miongoni mwa mifupa minane ya kifundo, hasa kwa vijana wanaoanguka na kujikinga kwa kiganja. Mfupa huu una tabia mbili mbaya. Ya kwanza ni kwamba ufa wake huweza usionekane kwenye picha ya siku ya kwanza. Ya pili ni njia ya damu yake: sehemu kubwa ya damu huingilia upande wa vidoleni na kurudi nyuma kuelekea upande wa kiwiko, kwa hiyo mvunjiko ukikata njia hiyo, kipande cha nyuma huweza kukosa damu na kufa. Mfupa usiounga hapo haumwumizi mtu vikali kila siku. Huuacha mkono utumike, na baada ya miaka kifundo kizima huchakaa kabla ya wakati wake.

Kwa hiyo kanuni ya siku nyingi ni kwamba anayeumia akibonyezwa kwenye kishimo hicho hufungwa kana kwamba amevunjika, kisha huitwa tena baada ya siku 10 hadi 14 ili apigwe picha nyingine. Kipimo cha MRI, yaani picha inayopigwa kwa sumaku, kinaweza kumaliza fumbo hilo katika siku za mwanzo, lakini kipimo hicho kina bei na kina foleni. Kilichovishwa plasta siku ile kilikuwa shaka ya daktari, na aliyebeba gharama ya shaka hiyo ni kijana anayelipwa kwa siku.

Hapa sipati jibu jepesi. Wengi wanaofungwa hivyo kwa tahadhari hugundulika baadaye kwamba hawakuwa wamevunjika. Wiki mbili bila kubeba mawe ni wiki mbili bila kodi ya nyumba, na mtu anayeambiwa kwamba picha yake ni safi atahitaji sababu nzito sana ya kutolikata plasta hilo nyumbani kwa msumeno. Nilimsikia daktari akimweleza kuhusu damu kwa sentensi moja hivi. Daktari aliyekuwa na msururu wa wagonjwa hadi nje ya mlango hakuweza kusema zaidi, na sidhani kwamba sentensi moja ilitosha kushindana na msimamizi wa mjengo anayetaka watu kesho asubuhi.

Na akikutwa amevunjika kweli? Kwa mvunjiko wa katikati ya skafoidi ambao vipande vyake havijaachana, swali la plasta au skrubu lilijibiwa vizuri na utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2020, uliowafuata watu wazima 439 katika hospitali 31. Baada ya wiki 52, waliowekewa skrubu mapema hawakuwa na mkono bora kuliko walioanza na plasta. Wanaosoma matokeo hayo haraka husema kwamba plasta inatosha, lakini mpango wa plasta ulikuwa na sehemu ya pili: yeyote ambaye mfupa wake ulithibitika kwamba hauungi alipaswa kufanyiwa upasuaji bila kucheleweshwa. Plasta bila kurudi kuangaliwa si tiba ile iliyopimwa. Ndiyo sababu naiona tarehe iliyoandikwa kwenye karatasi ya hospitali kuwa sehemu ya dawa, pengine iliyo kubwa zaidi, na ndiyo inayopotea kwanza nauli inapokosekana.

Kipande cha nyuma kabisa cha skafoidi kikivunjika, au vipande vikiachana, wapasuaji wengi huchagua skrubu tangu mwanzo, kwa sababu ya ile njia ya damu.

Chuma na michango yetu

Shangazi yangu wa Bahati, karibu na Nakuru, aliteleza kwenye matope ya msimu wa mvua na kuvunja mfupa wa mkono karibu na kifundo. Yeye ni mwanamke aliyepita miaka 70, na mkono wake ulikuwa umechukua lile umbo la mgongo wa uma ambalo kila anayefanya kazi ya mifupa hulitambua kutoka mlangoni. Kabla hajatoka chumba cha eksirei, binamu zangu walikuwa wameanza kuchanga pesa za bamba la chuma katika kundi la WhatsApp la ukoo, na kila aliyechangia aliambatanisha aya ya Biblia.

Mvunjiko huo ulielezwa na mpasuaji wa Ireland, Abraham Colles, mwaka 1814, miaka 81 kabla ya eksirei kugunduliwa, kwa hiyo aliutambua kwa kushika na kutazama. Colles aliandika kwamba mkono ulioachwa umepinda hatimaye hurudia mwendo wake na kuacha kuuma, ingawa umbo baya hubaki maisha yote. Maneno yake yalikuwa na matumaini kupita kiasi kwa baadhi ya wagonjwa, lakini kwa wazee yamekaribia ukweli kwa namna inayoshangaza: tafiti nyingi za watu waliovuka miaka 60 au 65 zimeona kwamba bamba huupa mfupa picha nzuri zaidi, ilhali mwaka mmoja baadaye matumizi ya mkono hayatofautiani sana na ya waliotibiwa kwa plasta.

Zipo tafiti mbili kubwa za Uingereza ambazo ningependa kila kundi la michango lizisome. Ya kwanza, ya mwaka 2014, iliwagawa watu 461 ambao mfupa wao ulihitaji upasuaji: wengine waliwekewa bamba lenye skrubu, wengine nyaya nyembamba ambazo bei yake ni ndogo sana ikilinganishwa na bamba. Mwaka mmoja baadaye hapakuwa na tofauti ya maana. Ya pili, ya mwaka 2022, ilichukua watu 500 ambao mfupa wao ulikuwa umesharudishwa mahali pake chini ya ganzi au nusukaputi, ikalinganisha nyaya na plasta iliyofinyangwa vizuri. Kwa mara nyingine, mwaka mmoja baadaye mikono ilikuwa sawa. Hata hivyo, katika kundi la plasta, takriban mtu mmoja kati ya wanane alihitaji upasuaji ndani ya wiki sita za kwanza kwa sababu mfupa ulihama tena.

Mmoja kati ya wanane. Unaweza kuisoma hesabu hiyo kwa njia mbili, na sisi tuliisoma kwa njia zote mbili kwa jioni nzima. Saba kati ya wanane huepuka kisu. Mmoja asipoonwa tena mapema, mfupa wake huungana ukiwa umehama, na kuurekebisha baadaye ni kazi kubwa kuliko ile iliyoepukwa. Tulikubaliana kwamba pesa zilizochangwa zitakuwa nauli za kurudi kliniki na picha za kila ziara, na kwamba zitabaki akiba iwapo mfupa utahama. Binamu mmoja alilalamika kwamba hakuchangia nauli, alichangia matibabu.

Mfupa haukuhama. Mkono wa shangazi umepinda kidogo hadi leo, na ugali unasongwa.

Kwa mtu wa miaka 30 mwenye ufa ulioingia kwenye uso wa kiungo na kuuacha haulingani, kama ngazi, nisingetumia hoja hizi kumzuia asipasuliwe. Umri, kazi na kiungo hubadilisha jibu, na mifano ya wazee haimfai kila mtu.

Wazee wa kukanda

Kuna aliyependekeza tumpeleke shangazi kwa mzee wa kukanda. Karibu kila ukoo wa magharibi mwa Kenya una mzee wake, na sitawadharau. Sifa zao nyingi zimetokana na mifupa ambayo ingeunga hata bila wao, jambo ambalo, tukisoma tafiti nilizozitaja kwa haki, linaweza kusemwa pia kuhusu sehemu fulani ya sifa za hospitali. Ninachokiogopa ni kukandwa kwa mfupa uliovunjika leo, na mabanzi yanayokazwa kwa kitambaa juu ya mkono ambao bado unavimba. Damu ikizuiwa ndani ya misuli kwa saa chache, misuli hufa na vidole hubaki vimejikunja kama makucha. Plasta ya hospitali iliyozunguka mkono mzima inaweza kufanya vivyo hivyo, ndiyo sababu siku za mwanzo wengi huwekewa nusu plasta iliyofungwa kwa bendeji. Maumivu yanayozidi badala ya kupungua, ganzi, vidole vyenye rangi ya buluu, au maumivu makali vidole vinaponyooshwa na mtu mwingine, hayasubiri asubuhi.

Pale chuma kinapostahili

Nisije nikaeleweka kwamba utepe ndio suluhisho la kila kitu. Mvunjiko wa mzizi wa kidole gumba ulioingia kwenye kiungo, ambao Edward Bennett wa Dublin aliueleza mwaka 1882, mara nyingi hautulii kwenye plasta, kwa kuwa kano yenye nguvu huendelea kuuvuta mfupa utoke mahali pake. Kwa kawaida huhitaji nyaya au skrubu. Vidole vilivyozunguka, uso wa kiungo uliopasuka, mifupa kadhaa ya kiganja iliyovunjika kwa pamoja, na majeraha ya wazi ya mashine za kukatia nyasi za ng'ombe, ambazo huku kwetu zimeondoa vidole vingi kuliko ajali nyingine ninazozijua, hayo yote ni ya mpasuaji. Kwa jeraha la wazi, maji safi mengi na kitambaa safi ndivyo vitu vya kutumia njiani. Kahawa, sukari na mafuta ya taa viachwe jikoni.

Jambo lililonifurahisha katika kusoma kwangu ni upasuaji wa mkono unaofanywa mgonjwa akiwa macho. Kwa miongo mingi madaktari walifundishwa kwamba dawa ya ganzi iliyochanganywa na adrenalini isidungwe kwenye kidole, eti kidole kitakufa. Mpasuaji wa Kanada, Donald Lalonde, na wenzake walichapisha mwaka 2005 rekodi za wagonjwa 3,110 waliodungwa mchanganyiko huo kwenye vidole na mikono, na hakuna aliyepoteza sehemu ya kidole. Adrenalini huzuia damu mahali pale pale, kwa hiyo mkanda wa kubana mkono hauhitajiki, wala nusukaputi haihitajiki. Faida yake kwa hospitali yenye wataalamu wachache wa nusukaputi ni dhahiri. Iliyonivutia zaidi ni nyingine: mgonjwa huweza kuambiwa akunje ngumi akiwa bado mezani, na mpasuaji akaliona zungusho kabla hajafunga jeraha.

Vidole vinavyokakamaa

Mpasuaji wa Marekani Alfred Swanson alionya mwaka 1970 kwamba mvunjiko wa mkono usiotibiwa huleta umbo baya, unaotibiwa kupita kiasi huleta mkakamao, na unaotibiwa vibaya huleta yote mawili. Sisi huliogopa la kwanza tu. Sijamsikia mtu akilalamika hospitalini kwamba amefungwa mno.

Ilhali vidole hukakamaa upesi sana. Kano za pembeni za viungo vya mzizi wa vidole hulegea vidole vikinyooka na kukazika vikikunjwa, kwa hiyo vikifungwa vimenyooka, kano hujifupisha na baadaye haziruhusu ngumi. Gango, yaani kifaa kigumu cha kushikiza vidole, lililowekwa kwa uangalifu hukunja viungo hivyo vya mzizi digrii 70 hadi 90 na kuviacha viungo vya mbele vimenyooka, mkao ambao mgonjwa huuona wa ajabu na hujaribu kuurekebisha usiku. Plasta ya mvunjiko wa kifundo nayo inapaswa kuishia kwenye mikunjo ya kiganja, ili vidole vikunjwe kikamilifu tangu siku ya kwanza, mara nyingi kwa siku, mkono ukiwa umeinuliwa juu ya moyo.

Mivunjiko mingi ya mifupa ya vidole hufungwa kwa wiki tatu hadi nne tu, kisha huanza kutembezwa. Ufa wenyewe huweza kuendelea kuonekana kwenye picha kwa miezi, muda mrefu baada ya mfupa kutulia, na anayesubiri picha iwe safi ndipo aanze mazoezi atakuwa na picha safi na kidole kisichokunjika. Baada ya hapo, mtaalamu wa fiziotherapia ana thamani kuliko picha nyingine ya eksirei.

Ila kuna kidole kimoja kinachokataa kanuni hiyo. Jirani yangu, mama mshonaji wa Kibuye, alikuwa akichomeka shuka chini ya godoro alipohisi kitu kikikatika kwenye ncha ya kidole cha kati, na tangu hapo pingili ya mwisho ikaning'inia, hainyooki kwa nguvu yake yenyewe. Kano inayoinyoosha ilikuwa imeng'oka na kibanzi kidogo cha mfupa. Hakupasuliwa. Aliwekewa gango dogo la plastiki linaloishika pingili hiyo peke yake ikiwa imenyooka, usiku na mchana, kwa wiki sita hadi nane, huku viungo vingine vyote vikiachwa huru, na akaendelea kushona kwa polepole. Sharti lake ni moja na halina huruma: gango hubadilishwa kidole kikiwa kimelazwa mezani, na kikiinama hata mara moja, wiki huanza kuhesabiwa upya.